Sindano, dirisha, sabuni au barakoa: uanzie wapi kujikinga na magonjwa ya kifua?

Mvua za Machi zikianza, na zile za Septemba zikirudi, ni nadra kukuta nyumba Kampala isiyo na mtu anayekohoa. Mabishano nayo hayakosi. Mama anasema kadi ya mtoto imejaa, chanjo zote amepata, sasa kikohozi hiki kimetoka wapi? Jirani anamjibu kwamba kwake wananawa mikono tangu enzi za korona na hawaoni sindano ni ya nini. Jaja (mzee wa nyumba), aliyeketi pembeni, anasema zamani tangawizi ilitosha. (Zamani hiyo surua ilizika watoto wengi, lakini hilo huwa halitajwi.)

Kila mmoja ana ukweli kidogo, ila wanaongelea magonjwa tofauti wakidhani ni moja. Surua, kifaduro, nimonia, kifua kikuu, homa ya mafua, korona na mafua ya kawaida yote hupitia pumzi, chafya na kikohozi, lakini hayazuiliki kwa njia moja. Kwa mtu mwenye pesa kidogo na muda kidogo, yaani wengi wetu, swali ni hili: shilingi niliyo nayo na asubuhi niliyo nayo nivipeleke wapi kwanza?

Nimepima njia tano kwa maswali yaleyale. Inazuia ugonjwa gani hasa? Kinga yake ina nguvu kiasi gani na hudumu muda gani? Inagharimu nini, ukihesabu nauli na siku ya kazi iliyopotea? Inakwama wapi? Na inamfaa nani?

Chanjo za bure za kituo cha afya

*Inazuia nini.* Orodha yake ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mtoto akizaliwa hupewa BCG, chanjo ya kifua kikuu. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huchomwa sindano ya mseto ya dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib, pamoja na PCV inayozuia bakteria wa nyumokokasi. Hib na nyumokokasi ni visababishi vikubwa vya nimonia kali kwa watoto, na PCV imo katika ratiba ya Uganda tangu 2013. Miezi 9 ikitimia, ni zamu ya surua na rubela, na tangu 2022 kuna dozi ya pili katika mwezi wa 18. Hiyo ya pili ndiyo husahaulika sana. Mtoto ameshaanza kukimbia uani, mama amerudi sokoni, kadi iko chini ya godoro.

BCG ina mkanganyiko wake. Humkinga mtoto mdogo na kifua kikuu cha ubongo na kile kinachosambaa mwili mzima, lakini kwa mtu mzima haizuii vizuri kifua kikuu cha mapafu. Kwa hiyo kovu lililo mkononi mwako si sababu ya kupuuza kikohozi cha wiki mbili.

*Nguvu na muda.* Dozi ya surua ya miezi 9 hukinga takriban watoto 85 kati ya 100. Dozi ya pili huwafikia wengi wa wale 15 waliobaki, na kinga hiyo hudumu miaka mingi. Ya kifaduro hupungua baada ya miaka kadhaa, ndiyo maana mtu mzima mwenye kikohozi kisichoisha anaweza kumwambukiza mtoto mchanga bila kujua.

*Gharama.* Sindano ni bure. Unacholipa ni nauli, foleni na asubuhi nzima. Tena kuna jambo linalowaudhi wazazi wengi, nami naona ni bora lielezwe. Chupa moja ya BCG ina dozi 20, ya surua na rubela ina dozi 10, na zikishachanganywa na maji yake haziwezi kutumika zaidi ya muda wa saa 6, kinachobaki hutupwa. Ukimwona musawo (mhudumu wa afya) anawahesabu watoto kwenye benchi kabla ya kuvunja kizibo, au akakuambia urudi Alhamisi, hajakudharau. Anaogopa kutupa dozi nane ili achome mbili. Miongozo inamtaka afungue chupa ya surua hata kwa mtoto mmoja, lakini stoo ikiwa tupu miongozo huwa migumu kufuata. Uliza mapema siku ya chanjo ni ipi, au msubiri mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) apite na kipaza sauti kutangaza huduma ya kijijini. Aprili na Oktoba pia kuna siku maalumu za afya ya mtoto.

*Inapokwama.* Mafua ya kawaida husababishwa na virusi zaidi ya 200 na hayana chanjo, kwa hiyo mtoto mwenye kadi kamili bado atakohoa. Hilo si ishara kwamba chanjo imeshindwa. Baada ya sindano anaweza kupata homa kidogo na uvimbe pajani kwa siku moja au mbili. Tena kuna siku utafika ukaambiwa dawa haijaletwa, na nauli imeshakwenda.

*Inamfaa nani.* Kila mtoto. Kwa surua sioni njia mbadala kabisa: mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani. Sabuni haiwezi kupigana na hilo. Jamii inahitaji kama watu 95 kati ya 100 wawe wamekingwa ili surua ikose pa kushika. Isitoshe, surua hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga aliyokuwa nayo mtoto dhidi ya magonjwa mengine, ndiyo maana wengi huugua nimonia na kuhara wiki chache baadaye. Sheria ya Chanjo ya 2017 imeufanya huu kuwa wajibu wa mzazi, na shule ina haki ya kukuuliza kadi.

Chanjo za kulipia, hasa ya homa ya mafua

*Inazuia nini.* Homa ya mafua ile ya virusi vya influenza, inayokulaza siku tano mwili mzima ukiuma. Haizuii makamasi ya kila wiki. Haimo katika ratiba ya bure. Hupatikana katika baadhi ya hospitali na kliniki binafsi, zaidi Kampala.

*Nguvu na muda.* Mwaka ambao mchanganyiko wake umelingana na virusi vinavyozunguka, hupunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 40 hadi 60. Huhitaji kama wiki mbili kujenga kinga, kisha unarudia kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mchanganyiko mara mbili kwa mwaka, Februari kwa upande wa kaskazini mwa dunia na Septemba kwa upande wa kusini. Sisi mstari wa ikweta unapita Kayabwe, baridi ya theluji hatuna, na virusi hivi huonekana nyakati mbalimbali za mwaka; wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi pale Entebbe huvifuatilia. Kwa hiyo usiulize tu kama chanjo ipo. Uliza ni mchanganyiko wa karibuni, na tarehe ya kuisha ni lini.

*Gharama.* Pesa taslimu, na bei hutofautiana, kwa hiyo piga simu kliniki mbili au tatu kabla ya kupanda taksi. Uliza pia jokofu lao hufanya nini umeme ukikatika. Chanjo hizi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kliniki inayojali haitakasirika ukiuliza.

*Inapokwama.* Haipatikani kwa urahisi nje ya miji, na kinga yake ni ya wastani. Kijana mwenye afya, mwenye kodi ya nyumba ya kulipa mwisho wa mwezi, sidhani aanzie hapa.

*Inamfaa nani.* Mjamzito, kwa kuwa kinga yake humfikia mtoto ambaye hawezi kuchomwa sindano hii mpaka afikishe miezi 6. Mzee. Mwenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo. Mhudumu wa afya. Anayekwenda hija pia: Saudi Arabia hudai cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na kwa kuwa tayari uko kwenye kiti cha daktari, ya mafua ni ya kufikiria.

Hewa na nafasi

*Inazuia nini.* Kidogo cha kila kitu, pamoja na yale yasiyo na chanjo. Mtu anapokohoa au hata kuongea, chembe ndogo hubaki zikielea. Dirisha wazi huzitoa. Dirisha lililofungwa huzihifadhi kwa ajili ya atakayeingia. Kwa kifua kikuu hii ni silaha ya kwanza nyumbani. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa kikombe wala sahani, lakini bado kuna familia zinazomtengea mgonjwa kikombe chake, zikakiweka juu ya kabati peke yake, kisha zikalala naye chumba kimoja madirisha yamefungwa. Mgonjwa anaaibishwa, na bakteria hawajaguswa.

*Nguvu na muda.* Hufanya kazi dakika zile tu ambazo hewa inapita. Ukifunga, umerudi mwanzo.

*Gharama.* Watasema dirisha ni bure, lakini aliyepanga chumba kimoja Kisenyi au Bwaise anajua bei yake. Ukilifungua usiku, mbu wanaingia na malaria inakungoja. Ukilisahau wazi, simu inaondoka kwa fimbo yenye ndoana. Mvua ikipiga, godoro linalowa. Njia ya katikati ninayoiona ikifanya kazi ni wavu wa waya kwenye fremu na nondo kwa nje, pamoja na matundu ya juu ya mlango na dirisha yasizibwe kwa magazeti. Vyumba vingi vya kupanga vilijengwa na matundu hayo, halafu mpangaji wa kwanza akayaziba. Chandarua juu ya kitanda kinabaki palepale.

Sigiri ni habari nyingine. Moshi wa kuni na mkaa ndani ya nyumba hauambukizi, lakini hujeruhi mapafu na karibu huongeza maradufu hatari ya nimonia kwa mtoto mdogo. Itoe nje, au ipikie mlangoni. Tena usiiingize chumbani ilete joto usiku huku umefunga kila kitu: mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

Safarini, taksi ya abiria 14 madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi la barabara ni mahali pabaya kuliko soko la Owino lililofurika lakini hewa inapita. Kuomba dirisha lifunguliwe hata robo kuna maana, ingawa abiria wa nyuma atalalamika kuhusu nywele zake. Boda, kwa hili peke yake, inaishinda taksi. Kwa mengine sisemi.

*Inapokwama.* Mahali ambapo si wewe mwenye funguo: bweni, ofisi, chumba cha kusubiri hospitalini. Mabweni ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, vitanda vya ghorofa tatu, madirisha yakifungwa mapema kwa usalama. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Ungetegemea baada ya hapo kila mkutano wa wazazi uulize habari za madirisha. Wengi tunauliza karo tu.

*Inamfaa nani.* Kila anayelala na wenzake chumba kimoja, na kila nyumba yenye mgonjwa anayekohoa.

Sabuni na maji

*Inazuia nini.* Mafua na virusi vingine unavyojitia mwenyewe kwa vidole puani na machoni. Faida ya ziada ni kuhara, ambako sabuni hung'aa zaidi.

*Nguvu na muda.* Tafiti zinaonyesha kunawa mikono hupunguza magonjwa ya njia ya hewa kwa asilimia 16 hadi 21. Si haba, lakini si ukuta. Dhidi ya surua na kifua kikuu, vinavyosafiri hewani, ni msaada mdogo mno. Nadhani korona ilitufundisha kunawa kwa bidii hadi tukasahau kwamba tunapumua.

*Gharama.* Maji ya dumu na kipande cha sabuni. Pasipo bomba, kibuyu chirizi kinatosha: dumu la lita 5 linatobolewa tundu dogo kwa msumari wa moto chini kidogo ya mfuniko, linaning'inizwa kwenye mti wa kupitisha, kamba inafungwa shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti kilicho chini. Unakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika, mkono haujagusa kitu. Sabuni nayo hutobolewa katikati ikaning'inia kando kwa kamba, na hukatiwa chupa ya plastiki juu yake kama mwavuli ili mvua isiiyeyushe. Kitakasa mikono chenye alkoholi ya asilimia 60 au zaidi kinafaa ukiwa njiani; cha chini ya hapo ni manukato.

*Inapokwama.* Sabuni ikiisha haijazwi. Vibuyu vingi vilivyofungwa 2020 sasa ni dumu kavu na kamba iliyooza.

*Inamfaa nani.* Nyumba yenye watoto wadogo, mama lishe, mwalimu wa chekechea, anayeshika noti siku nzima.

Barakoa na kubaki nyumbani

*Inazuia nini.* Barakoa hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa kwa mgonjwa, maana huzuia chembe zikiwa bado karibu na mdomo. Ya N95, ile inayobana uso na kuchuja chembe ndogo, humkinga hata mvaaji, ndiyo maana wauguzi wa wodi za kifua kikuu huivaa.

*Nguvu na muda.* Saa zile unapoivaa vizuri, pua ikiwa ndani.

*Gharama.* Barakoa ni rahisi. Kubaki nyumbani ndiko ghali. Mshahara wa siku hauna likizo ya ugonjwa, na duka lisilofunguliwa leo halilishi leo. Kumwambia konda apumzike siku tano kwa sababu ya kikohozi ni rahisi kwa asiye konda. Basi angalau siku mbili za mwanzo zenye homa, na kukohoa kwenye kiwiko, si kwenye kiganja atakachosalimia nacho msibani.

*Inapokwama.* Watu hukutazama. Barakoa imekuwa ishara ya kuwa na ugonjwa wa aibu.

*Inamfaa nani.* Anayekohoa, anayemuuguza, na mwenye kinga dhaifu anayekwenda kliniki iliyojaa.

Ukiwa katika hali hii, anza hapa

*Una mtoto mchanga.* Mpaka wiki ya 6 hana kinga ya kifaduro, kwa hiyo ukuta wake ni ninyi: chanjo za ndugu zake zikamilike, anayekohoa asimbebe, sigiri itoke, na anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Kisha usiikose tarehe ya wiki ya 6. Kuahirisha kwa sababu ya mafua madogo hakuna haja. Mafua hayamzuii mtoto kuchanjwa.

*Una mtoto wa bweni.* Hakikisha dozi zake mbili za surua zimeandikwa, kisha zungumza na shule kuhusu madirisha na nafasi ya vitanda. Kulala mmoja kichwa huku, mwenzake kichwa kule, hakugharimu hata shilingi.

*Unaishi na jaja mwenye presha au kisukari.* Kama familia inaweza kuchanga, hapa ndipo sindano ya homa ya mafua inapolipa. Kama haiwezi, wajukuu wenye mafua wanawe kabla ya kumsalimu na wakae naye barazani badala ya chumbani.

*Unaishi na VVU, au mtoto ana selimundu.* Uliza kliniki yako kuhusu dawa ya kuzuia kifua kikuu, na kikohozi chochote kipimwe bila kungoja wiki mbili. Mwenye selimundu, nyumokokasi humshambulia vibaya zaidi: PCV isikose, na penisilini aliyoandikiwa isikatwe kwa sababu anaonekana mzima.

*Nyumbani kuna mgonjwa wa kifua kikuu.* Hewa kwanza, dawa zake kila siku, na wote mnaolala naye mkapimwe. Kituo cha serikali hakitozi. Wengi huacha kuambukiza ndani ya wiki chache za dawa sahihi, kwa hiyo kumtenga miezi 6 hakuna sababu.

*Unafanya kazi kwenye taksi, sokoni au darasani.* Huwezi kupunguza watu, basi shughulika na dirisha na sabuni. Chanjo ya kulipia iwe ya mwaka ambao biashara imekwenda vizuri.

*Umevuka mpaka na kadi ilibaki.* Kwa walioko makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II, Kyangwali, au waliofikia kwa ndugu mjini: usisubiri kuipata. Mweleze mhudumu unachokumbuka. Dozi zilizokwisha kuingia hazianzwi upya kama kuna rekodi, na pasipo rekodi, kurudia ya surua hakumdhuru mtoto. Omba kadi mpya siku hiyohiyo, uipige picha kwa simu.

*Mtoto ameshaanza kuumwa.* Mvue shati, mtazame kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. VHT wengi wana kifaa cha kuhesabia na wamefundishwa. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi 2 hadi 11 ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Pumzi zikifika hapo, au nyama ya chini ya mbavu ikibonyea ndani kila akivuta hewa, au akishindwa kunyonya, mpeleke kituoni usiku huohuo, na kadi yake uichukue.